Sungura Mmoja, Video Kumi na Sita

Mwalimu Wakonyo alipoingia kwenye saiba yetu, duka la kompyuta na mtandao, Jumatatu ile saa kumi, simu yake ilikuwa imeshiba hadi haiwezi kupokea hata salamu. Kila ukiigusa inakuambia nafasi imejaa. Aliibeba kwa mikono miwili, kama mtu anayevuka jikoni na sufuria ya uji, akaiweka mbele yangu.

"Nitolee hawa watoto humu ndani kabla haijapasuka," akasema.

Watoto wenyewe walikuwa Gredi ya Sita nzima, arobaini na wawili. Kazi ya somo la kilimo ilikuwa hivi: kila mwanafunzi afuge mnyama mdogo nyumbani kwa wiki sita, kisha arekodiwe akionyesha banda la mnyama, chakula chake, namna ya kumshika, na aeleze kidogo. Mwalimu atazame, atoe alama kuanzia moja hadi nne, aziingize kwenye mfumo wa mtandaoni kabla ya Ijumaa saa kumi na moja jioni. Nne maana yake mtoto amezidisha matarajio. Moja maana yake yuko mbali na matarajio. Mimi nikiisoma lugha hiyo huwa najiuliza matarajio yenyewe yanakaa mtaa gani, maana ukiwa Kiandutu, mtaa wetu wa mabanda hapa Thika, kila kitu kiko mbali isipokuwa jirani.

Nimemjua Wakonyo miaka minne sasa. Saiba yetu inatazamana na lango la shule yao, na walimu wote hupitia hapa, wengine kuchapisha mitihani, wengine kulia kwa sababu mfumo umewafungia nje na wamesahau nywila. Kompyuta nilijifunza nusu chuoni, nusu nyingine nikafundishwa na shida za hao. Yeye halii. Alizaliwa Ngoliba, kule ambako mvua ikianza watu hutoka nje kuhakikisha si uvumi, binti wa tatu wa mkulima wa mahindi ambayo mara nyingi yaliishia kuwa chakula cha mbuzi. Ualimu aliupata kwa chuo cha miaka miwili na kungoja kazi miaka saba. Sasa anakaa Ruiru, mume wake ni fundi wa mashine kiwandani, na kila asubuhi yuko langoni Thika kabla ya kengele, raba miguuni, viatu vya heshima ndani ya mkoba. Ana miaka thelathini na tisa. Husahihisha kwa kalamu ya kijani. Anasema ile nyekundu humfanya mtoto aone damu badala ya kosa.

Aliwahi kuniambia kwamba zamani, kabla ya mambo ya simu, alijua nyumba ya kila mtoto kwa harufu ya daftari. Kuna daftari la mafuta ya taa. Kuna la omena. Kuna la sabuni, la mtoto ambaye mama yake hufulia watu. Kuna moja lilinuka samadi ya kuku mwaka mzima, akajua huyu analala chumba kimoja na kuku, akamhamishia kiti karibu na dirisha bila kumwambia sababu.

"Siku hizi wananitumia video," alisema. "Video haina harufu."

Basi tukaunganisha simu kwenye kompyuta ya tatu, ile yenye spika zinazosikika, nikaanza kuhamisha. Kazi yangu ilikuwa kuipa kila video jina la mwenyewe. Kutazama hakukuwa kazi yangu, lakini niambie nani ataona sungura amevaa miwani ya jua asitazame.

Hiyo ilikuwa ya Lenny. Baba yake Lenny ana lori la mchanga na simu yenye macho matatu nyuma, na video yenyewe ilionyesha kwamba pesa ya mchanga haikupotea. Ilikuwa na muziki. Ilikuwa na herufi za rangi zinazoruka. Lenny alisimama hatua moja mbali na mnyama, kama waziri anayezindua kisima, akasema, "Huyu ni sungura wangu. Anaitwa Simba." Sungura mweupe, ncha ya sikio la kushoto imekatika, banda la kreti za parachichi, nyuma yake ukuta wa mabati ya buluu.

Iliyofuata ilikuwa ya Cindy. "Huyu ni sungura wangu. Anaitwa Princess." Sungura mweupe. Sikio la kushoto halina ncha. Mabati ya buluu.

Kisha ya Kui. "Huyu ni sungura wangu. Anaitwa Pamba."

"Ngoja," Wakonyo akasema.

Hatukungoja, tuliendelea. Kufikia ya tisa nilikuwa nacheka waziwazi.

"Ticha, huyu sungura ana kazi nyingi kuliko mimi."

"Endelea."

"Labda ni ndugu."

"Ndugu wote wamekatika sikio moja?"

"Familia ya fujo. Ziko."

Hakucheka. Tulihesabu kumi na sita. Sungura mmoja, majina kumi na sita, wenyewe kumi na sita. Wengine walikuwa na kuku wao halali, njiwa, hata mmoja alikuwa na kasa ambaye sikuelewa ametoka wapi, lakini hawa kumi na sita walikuwa wamekodisha nyota mmoja wa sinema.

Wakonyo alisogeza kiti. "Rudisha ya Cindy. Hapo. Simamisha."

Kwenye kioo kulikuwa na mikono. Si ya Cindy. Cindy alikuwa amesimama pembeni na utepe wake kichwani. Mikono hii ilitokea upande wa kushoto, ikiwa imembeba sungura, mmoja kifuani, mwingine chini ya makalio. Kidole gumba cha kulia kilikuwa na ukucha uliopasuka katikati. Kifundoni palikuwa na uzi wa kijani uliofungwa mara mbili. Tukafungua ya Kui: mikono ile ile. Tukafungua ya Lenny: mikono ile ile ilipita haraka ikamvua sungura miwani, na kwa nyuma, chini ya muziki, sauti ya msichana ikasema, "Wee, hiyo inamuumiza macho."

Sasa tukaanza kusikiliza badala ya kutazama. Sauti ilikuwa kila mahali. "Usimshike masikio." "Weka mkono hapa chini, miguu yake isining'inie, ataogopa." "Usimpe nyasi ya umande, atahara. Iache inyauke kwanza." "Cindy, sema anakunywa maji pia, usisahau maji."

"Hiyo sauti ni ya nani?" Wakonyo akauliza, lakini hakuwa akiniuliza mimi. Akatoa rejista kwenye mkoba, akapitisha kalamu ya kijani kwenye majina. Video arobaini na moja, alama arobaini na moja za vema. Jina moja lilikuwa halina kitu. Mitchell Barasa.

Akaligonga jina hilo kwa ncha ya kalamu. Jamaa wa kompyuta ya kwanza aliyekuwa akiandika barua ya kuomba kazi aligeuka kutuangalia.

"Safu ya tatu, karibu na ukuta," Wakonyo akasema. "Nimemfundisha miaka miwili." Akaitazama tena ile mikono kwenye kioo. "Miaka miwili, na singeijua hii mikono kama si rejista."

Kwa hiyo mambo yalikuwa hivi: mtoto pekee mwenye sungura ndiye pekee asiye na video, na ikifika Ijumaa bila video angeingizwa kwenye mfumo na alama ya moja. Mbali na matarajio.

Jumanne nilipeleka karatasi za mtihani ofisini kwa mwalimu mkuu, na nilimkuta Wakonyo amesimama mbele ya meza yake. Bwana Njau si mtu mbaya. Ni mtu wa tai na mafaili, na anaogopa wakaguzi kama sisi tunavyoogopa landilodi siku ya kodi ya nyumba.

"Mwalimu, mimi sina shida na mtoto," alikuwa akisema. "Shida yangu ni faili. Mwaka jana wakaguzi walifungua faili wakakuta mifuko mitupu. Nilijibu maswali mpaka tai ikanibana. Hakuna video, hakuna alama. Mpe moja tuendelee."

"Moja? Huyo ndiye mwenye sungura."

"Umejuaje?"

"Mikono yake iko kwa video za wengine. Na sauti."

"Basi wale wengine hawana sungura."

Mimi nikajifanya nahesabu karatasi.

"Unaona sasa?" Njau akasema polepole. "Ukimpandisha mmoja kwa ushahidi huo, umewaangusha kumi na sita kwa ushahidi huo huo. Wazazi watajaa hapa. Huyu ni mtoto mmoja, somo moja. Atapona."

"Atapona nini, mwalimu mkuu? Si mgonjwa."

Njau alivua miwani akaifuta na ncha ya tai. "Niletee kitu cha kuweka kwenye faili. Kitu chake mwenyewe. Nitatia sahihi. Usipoleta, Ijumaa ni moja."

Jumatano aliniomba nimsindikize hadi kwa kina Mitchell, kwa sababu nakaa humo ndani Kiandutu na najua mahali pa kupita bila kuogelea kwenye mtaro. Njiani hakusema mengi. Aliniuliza tu kama ni kweli watoto hupita njia ile kila siku na viatu vyeupe, nikamwambia huvaa viatu wakifika barabarani. Akaitikia kichwa kama mtu anayeandika kitu mahali.

Ploti yenyewe ya vyumba vya kupanga tuliijua kwa mabati ya buluu. Mama mmoja alikuwa akifua uani, povu hadi viwiko. Huyu ni Syombua, jirani yao kina Mitchell mlango kwa mlango.

"Haiya, ticha! Karibu. Umekuja kuona Chapo?"

"Chapo?"

"Si ni yule sungura. Hao watoto kila mtu amempatia jina yake, lakini jina ya ukweli ni Chapo. Barasa, baba yake Mitchell, alitoka nayo Kamakis. Alikuwa anachimba mtaro nyuma ya hoteli ya nyama, akaona wanataka kuitupa kwa vile imeng'atwa sikio na wenzake. Mitchell akakataa ichinjwe. Sasa ndiyo hiyo, inakula kuliko mpangaji." Akajipangusa mikono kwa leso. "Hizo video nyingi ni mimi nimepiga na simu yangu. Zilitoka poa?"

"Zilitoka," Wakonyo akasema. "Ya Mitchell je?"

"Ya Mitchell?" Syombua akaacha kujipangusa. "Ticha, Mitchell si yuko ndani ya zote?"

Mitchell mwenyewe alitokea nyuma ya choo na gunia la nyasi mgongoni. Alipomwona mwalimu wake uani aliganda. Mwalimu kuja nyumbani, kwa mtoto yeyote wa hapa, ni habari moja tu, na si nzuri. Aliweka gunia chini taratibu.

"Madam, niliwasaidia tu," akasema kabla hajaulizwa. "Walikuwa hawana mnyama."

"Sijakuja kukupiga, Mitchell. Nataka kujua video yako iko wapi."

"Imeenda."

"Imeenda wapi?"

Mitchell alimtazama Syombua, kisha akanitazama mimi, kama kwamba mmoja wetu angemweleza mwalimu jambo la wazi.

"Si mmemwona Chapo?" akasema. "Amekuja kwenu mara nyingi. Na mikono ni yangu. Nilidhani mshaniona."

Nilitaka kutoa utani hapo, maana ndiyo kazi yangu kukiwa na kimya, lakini utani haukuja. Wakonyo alichuchumaa mbele ya banda, na viatu vyake vya heshima, na akakaa hapo akimtazama yule sungura akitafuna. Banda lilikuwa safi kuliko chumba changu. Sakafu ilikuwa ya waya ili mavi yaanguke chini, chini kuna kipande cha mabati kilichoinama, na mwisho wa mabati debe la kupokea mkojo.

"Hili debe ni la nini?"

"Mkojo. Naupeleka kwa mboga za sukumawiki za mama wa hapo nyuma. Lakini unauchanganya na maji kwanza, ama itachoma." Alijibu haraka, akiwa tayari anainama kutoa nyasi kuukuu. Mikono ikiwa kazini, mdomo nao ulifanya kazi.

"Sawa," Wakonyo akasema, akasimama. "Wacha turekodi sasa hivi. Dakika tatu tu."

Ningependa kuwaambia kwamba ilikuwa rahisi. Mtoto aliposimama mbele ya simu alinyooka kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho, mikono ubavuni, macho kwenye lenzi. "Jina langu ni Mitchell Barasa," akasema, na hapo maneno yakaisha duniani. Tukarudia. "Jina langu ni Mitchell Barasa. Huyu ni." Tukarudia mara ya tatu. Syombua akamtia moyo kwa sauti ya kuita mbuzi, ikawa mbaya zaidi. Machozi yalikuwa yanakusanyika. Mtoto aliyekuwa ametuambia habari za mkojo kama daktari sasa hakujua hata jina la sungura wake.

Wakonyo alirudisha simu mkobani. "Imetosha. Kesho umlete Chapo shuleni." Kisha akanigeukia. "Na wewe uje na ile kamera yenu ya picha za paspoti. Ukae kando. Asikuone."

Mimi naishi kwa hizi mashine, kwa hiyo sitazitukana. Zimemletea mtoto wa Kiandutu vitu ambavyo mimi nilivisoma kwa kuchorewa ubaoni na mwalimu asiyejua kuchora. Moyo wa binadamu nilikuwa naujua kama kiazi hadi nikafika kidato cha tatu. Lakini usiku ule nilifikiria zile video kumi na sita. Hakuna mtu aliyekuwa amemficha yule mtoto. Alikuwa ndani ya picha kila wakati, katikati kabisa, na kila aliyetazama alitazama uso uliokuwa ukiongea. Na mimi ndiye niliyeandika majina kwenye hizo faili.

Alhamisi baada ya mapumziko ya saa nne, Gredi ya Sita ilitolewa nje kando ya tangi la maji. Mitchell alikuwa ameketi nyuma ya wenzake. Kreti ilikuwa mbele, na ndani yake Chapo, mtulivu kama mtu aliyezoea umaarufu. Mimi nilikuwa nimejikunja nyuma ya tangi na kamera, na ikiwa kuna aliyefikiri mimi ni fundi wa bomba, sikumkosoa.

"Leo hakuna simu," Wakonyo akasema. "Nitaita majina kumi na sita. Kila mmoja aje anionyeshe sungura wake."

Kicheko kilianza nyuma, kikafika mbele kikafa. Wale kumi na sita walitazamana. Unajua ule mtazamo wa watu wanaogundua kwamba wote wamevaa nguo ya kuazima kwa mtu mmoja.

Cindy ndiye aliyeanza. Alikuja, akaingiza mikono kwenye kreti, mmoja kifuani, mwingine chini ya makalio, akamwinua vizuri kabisa. "Anakula nyasi ambayo imenyauka," akasema. "Na maji. Na ukimshika masikio utamuumiza." Halafu akaongeza kwa sauti ndogo, "Madam, si wangu."

"Najua. Rudi ukae."

Kui akaweza. Aliyefuata akaweza. Wengi wao waliweza, na hilo lilinishangaza, hadi nilipokumbuka kwamba kila mmoja wao alikuwa amesimama mbele ya banda lile na ile sauti sikioni. Wanne hawakuweza kabisa. Mmoja alisema sungura hula nyama, darasa likamuuliza kama yake ilitoka Tsavo kwa simba.

Lenny akawa wa mwisho. Alikuja akitembea kwa madaha, maana heshima ya video yake bado ilikuwa kubwa.

"Simba, kuja!" mtu akapiga kelele.

"Mvalishe miwani kwanza!"

Lenny alitazama ndani ya kreti. Akaingiza mkono mmoja, akautoa. Akauingiza tena, akamkamata Chapo masikio yote mawili, akavuta juu. Chapo akapiga teke hewani.

"Lenny! Weee!"

Mitchell alikuwa ameshasimama. Alipita katikati ya wenzake akikanyaga vidole vya watu. "Hiyo ni masikio, si mkono wa mlango! Rudisha chini. Chini! Nilikuambia siku ile, hukusikia, ulikuwa unatafuta muziki. Leta mkono wako. Si huo, mwingine. Hapa. Sikia vile moyo inaenda mbio? Ameogopa. Sasa ngoja. Usimwinue, ngoja kwanza atulie. Mkiwa na haraka, anajua."

"Madam, kwa video ilikuwa rahisi," Lenny akalalamika.

"Kwa video ulikuwa umesimama kule!" Mitchell akamjibu. "Weka mkono chini ya makalio. Miguu yake ikining'inia anaruka, na akiruka vibaya anavunjika mgongo, na huyo amekufa, hakuna dawa. Sasa inua. Polepole. Umeona?"

Lenny alikuwa amemwinua. Mdomo wake ulikuwa wazi. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kumgusa mnyama yule, na sura yake haikuwa na masihara hata kidogo. "Ni moto," akasema. "Ako na joto."

"Kwani? Ako hai," Mitchell akasema.

Aliendelea hivyo, akamwambia kwa nini sakafu ni ya waya, na kwamba meno ya sungura hayaachi kukua kwa hiyo lazima umpe kijiti atafune, na kwamba akikataa kula siku moja usingoje ya pili. Kisha akainua kichwa akaona darasa lote limenyamaza linamtazama, na maneno yakaisha tena. Akamchukua Chapo, akarudi kukaa. Kamera ilisema dakika mbili na sekunde arobaini.

Wakonyo alikuwa ameegemea tangi.

"Nyinyi kumi na sita mlinidanganya. Hilo tuliseme. Lakini na mimi niliwaambia nataka video, nikairudia mara tatu ubaoni. Sikumbuki kama nilisema nataka sungura." "Aliyeweza kumshika na kueleza nitampa mbili. Kufuga hamkufuga, siwezi kuwapa. Hao wanne ni moja. Atakayetaka kuongezewa muhula ujao aje na mnyama wake, hata akiwa panya, mradi ni wake."

"Na mimi, madam?" Lenny akauliza.

"Ulimwinua?"

"Mwisho niliinua."

"Basi mbili. Mshukuru aliyekufundisha."

Lenny aligeuka. "Asante, Mitchi," akasema haraka, na darasa likamzomea kwa furaha.

Ijumaa mchana tulimpelekea Njau video ofisini. Aliitazama kwenye kompyuta yake ndogo, kidevu mkononi.

"Lakini huyu anayeonekana ni Lenny," akasema. "Msichana amegeuka upande mwingine. Uso hauonekani."

"Usitazame, mwalimu mkuu. Sikiliza."

Akarudisha mwanzo. Safari hii alitazama dirishani huku video ikicheza. Ilipofika kwenye meno ya sungura alisema, "Hilo hata mimi sikulijua." Ilipokwisha akauliza, "Na hao kumi na sita?"

"Kumi na wawili, mbili. Wanne, moja."

"Wastani wa shule unauona unavyoshuka?"

"Nauona."

"Jumatatu wazazi watakuwa hapa. Baba yake Lenny ataegesha lile lori langoni."

"Nitakuwa hapa. Nitamwomba Mitchell anipatie ile kreti, na yeyote mwenye swali aje amshike sungura kwanza."

Njau hakutaka kucheka, lakini tumbo lilimsaliti. Akatia sahihi, akaandika tarehe, akaingiza karatasi kwenye mfuko wa faili na kuupigapiga kama mtu anayemlaza mtoto.

Saa kumi na dakika ishirini Wakonyo alikuwa kwenye kompyuta ya tatu akiingiza alama. Mtandao ulikuwa wa kubembeleza. Kile kiduara cha kungojea kilizunguka, kikatulia, kikazunguka tena. Hakuniomba nimwandikie. Alitafuta kila jina kwa kidole, akaandika nambari yake, akaitazama kabla ya kushuka. Alipofika kwa Mitchell Barasa aliandika nne, akainua mkono kutoka kwenye kibodi kana kwamba ni ya moto. Saa kumi na dakika arobaini na nane maandishi ya kijani yakatokea: imepokelewa.

Nilidhani ataondoka, maana Ruiru si hapo na Ijumaa barabara haina huruma. Badala yake alifungua karatasi ya kazi ya muhula ujao, bustani ya mboga kwenye gunia. Mstari wa mwisho ulisema: Mwanafunzi atume video. Aliufuta. Akaandika kitu kingine, akakifuta. Akakaa akitazama mahali palipobaki wazi.

Halafu akaandika: Mwalimu atakuja kuona.

Akaenda juu kwenye orodha ya majina, akayapitia kwa macho, arobaini na mawili, kuanzia Kiandutu hadi wale wanaotoka mbali upande wa Ngoliba. Akacheka kidogo peke yake. Aliinama akavua viatu vya heshima, akavaa raba, na maneno akayaacha hivyo hivyo.